Mapafu ya Mchimbaji na Tiba ya Mbali



Ndugu viongozi wa walei na waamini wote wa Masumbwe,

Tulijiwa na familia moja ya wachimbaji. Baba yao amegundulika kuwa na saratani ya mapafu, na wanawe wamesikia kwamba ng'ambo iko tiba inayotengenezwa kwa chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe. Waliuliza kama ni halali kuuza ng'ombe wote na shamba ili waitafute. Hatukuweza kuwajibu papo hapo, ndiyo maana tunalizungumza leo mbele yenu.

Habari waliyoisikia si uzushi. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hutolewa kwa mgonjwa, huwezeshwa maabarani kuutambua ugonjwa, huzidishwa na kurudishwa mwilini. Mwaka 2017 Marekani iliiruhusu tiba ya namna hiyo kwa saratani ya damu ya watoto na vijana, kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Mwaka 2024 ikaruhusu nyingine kwa aina moja ya saratani ya ngozi. Kwa saratani ya mapafu ingali katika majaribio. Anayemwahidi mgonjwa wa Masumbwe kwamba ataipata kwa bei ya ng'ombe kumi anamwibia. Tuliwashauri vijana wale wabakize shamba, wampeleke baba yao Bugando, Mwanza, hospitali ya Baraza la Maaskofu, ambako saratani hutibiwa kwa dawa na mionzi.

Lakini liko jambo linalotuuma zaidi. Mapafu nayo yana askari wake, chembe zinazomeza uchafu. Mchimbaji atobowapo mwamba mkavu ndani ya duara, mama apondapo mawe, karasha lisagapo, hutoka vumbi la silika, jembamba lisiloonekana kwa macho. Askari hao hulimeza, hushindwa kulisaga, hufa nalo. Wakifa vumbi huachiliwa, na wengine hulimeza tena. Pafu hujaa makovu magumu. Ugonjwa huo ni silikosisi, nao hauna dawa ya kuuondoa. Aliye nao hushikwa upesi na kifua kikuu. Tena, tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limelihesabu vumbi hilo miongoni mwa visababishi vya saratani ya mapafu. (Wavutaji sigara wasifurahi: tumbaku huongeza hatari hiyo.) Huko mbali askari hawa hununuliwa kwa mamilioni, hapa tunawaua bure.

Kulowesha mwamba wakati wa kutoboa hupunguza vumbi sana. Wenye maduara hutuambia kwamba maji ni ya kununua. Ni kweli, hasa kiangazi. Lakini maji ya kuoshea dhahabu mwaloni hupatikana.

Afrika Kusini, mwaka 2019, Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya kampuni za dhahabu kuwalipa fidia wagonjwa wa silikosisi na kifua kikuu, na familia za marehemu. Wale walikuwa na kumbukumbu za ajira. Mchimbaji wetu alipwaye kwa mgao wa viroba vya mawe hana mkataba. Akianza kukohoa hurudi kwao kimya kimya, na jina lake halimo katika kitabu chochote. Atamdai nani? Nasi mapadre tusijitoe: sadaka ya mwenye duara tunaipokea bila kumwuliza habari za vumbi.

Kwa hiyo tunaomba kila muumini mwenye duara au karasha aandike daftari la majina ya watu wake na muda waliofanya kazi. Aliyekohoa majuma mawili aende kupima makohozi, kipimo hicho hakilipiwi, na amwambie mganga wazi kwamba amefanya kazi machimboni, asije akatibiwa kifua kikuu mara ya tatu bila kupigwa picha ya kifua. Anayehitaji kusindikizwa amwone mwenyekiti wa jumuiya yake. Madaftari tutayatazama pamoja na Tume, Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili.