Goti Lililovimba Halisubiri Kikao

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Tunaanza kwa kukiri kosa letu. Mwaka jana mtoto wa miaka minane alivimba goti, akashikwa na homa, akashindwa kukanyaga. Nyumbani walidhani ameteguka, wakamkanda kwa maji ya moto. Alipoletwa kwetu, tulisubiri siku tatu mpaka kamati ikae kuidhinisha nauli. Leo anachechemea.

Tulichojifunza ni hiki. Bakteria huingia kwenye kiungo mara nyingi kwa njia ya damu. Usaha hujaa, na gegedu linalolainisha maungio ya mifupa huharibika ndani ya siku chache. Likishaharibika haliponi vizuri tena.

Lakini bakteria hawafanani. Anayeongoza duniani, Staphylococcus aureus, hunata kwenye kiungo na kutoa sumu. Matibabu yakichelewa huacha kilema, na huweza hata kuua. Wengine wa jamii yake ni sugu: wale wasiosikia methisilini waliripotiwa Uingereza mwaka 1961, dawa hiyo ikiwa bado mpya. Bakteria wa kisonono nao huingia viungoni, ila mgonjwa akipata dawa sahihi mapema, kwa kawaida hupona bila kilema. Salmonela huwaandama zaidi watoto wenye selimundu. Kwa waliowekewa kiungo cha bandia, bakteria hujenga utando ambao dawa huupenya kwa shida, na mara nyingi hulazimu upasuaji mwingine.

Ndiyo maana daktari hutoa maji ya kiungo kwa sindano na kuyapeleka maabara, ikiwezekana kabla ya dawa kuanza. Kisha usaha huondolewa, na dawa hutolewa kulingana na mdudu aliyeonekana. Vidonge vya dukani havitoshi; hupunguza homa huku kiungo kikizidi kuoza.

Ombi letu ni mawili. Kila parokia itenge nauli ya dharura ambayo mwenyekiti anaweza kuitoa usiku huohuo, hesabu zikafuata baadaye. Nanyi wafadhili, mnapochangia majengo, kumbukeni pia vifaa vya maabara vya kuotesha bakteria.

Mtoto mwenye homa na kiungo kilichovimba, asiyeweza kukanyaga, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hatutaki kuchelewa tena.