Vakansi yangu na karatasi ya mdogo wangu

Mazungumzo ya binti wa mwanachama mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, mbele ya mkutano mkuu wa chama, hapa Baraka. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tumepunguza kidogo tu.



Komite iliniomba niseme dakika kumi juu ya kijana na vakansi. Nafikiri walitaka niwaambie vijana wasikae barabarani bure. Hiyo sitaisema, wazazi wanaisema kila siku. Nitawaeleza namna vakansi yangu ilivyopita, kisha nitaomba kitu kimoja.

Nilifika kutoka Bukavu mwanzo wa mwezi wa saba. Wanaojua barabara ya Uvira katika kiangazi wanajua mtu anafika na rangi gani. Mama alinicheka, akanipa maji ya kuoga, na kesho yake nikarudi kwenye kazi zangu za zamani. Asubuhi bidoni. Mchana kumenya mihogo na kuianika, kwa sababu jua la kiangazi halingoji mtu. Jioni kuuza dagaa pamoja na mama mbele ya nyumba, mpaka taa zinawashwa.

Lakini kichwa changu hakikuwa kwenye mihogo. Kule Bukavu niko ndani ya kikundi cha wanafunzi. Tunazungumza juu ya haki za wasichana, juu ya amani, juu ya mazingira. Nilirudi na fulana iliyoandikwa maneno makubwa mgongoni, na kila jioni niliwaeleza vijana wa kartiye mambo ya dunia. Nilikuwa naona kwamba ninafanya kazi ya jamii. Sisemi ilikuwa vibaya. Nasema tu kwamba nilikuwa naangalia mbali, na karibu sikuangalia.

Sasa, kuna mdogo wangu. Yuko na miaka 12 na anacheza mpira. Mwezi wa nane walichagua watoto wa kwenda kucheza mashindano Uvira, na yeye alichaguliwa. Nyumba yote ilifurahi. Mama alimnunulia viatu vya mitumba, vikubwa kidogo, tukaweka nguo mbele ndani. Kisha wakaomba kila mtoto alete cheti cha kuzaliwa, ili watu wazima wasijifanye watoto.

Mama akatoa ule mfuko wa plastiki. Kila nyumba ya waliorudi iko nao, unaujua hata bila kuuliza: karatasi ya kurudi kutoka Tanzania yenye majina ya jamaa wote, karti za zamani za kambi, picha mbili, karti za chanjo. Kwa mdogo wangu kulikuwa na karti ya chanjo na ile karatasi ya materinite. Maji ya mvua yalikuwa yameingia, tarehe haikusomeka. Alizipeleka. Wakamwambia hizi si cheti. Gari likaenda Uvira, yeye akabaki.

Hakulia. Alirudi, akavua viatu, akaviweka chini ya kitanda. Mama akaniambia, bila hasira: «Wewe unasemea watoto wa dunia yote, na huyu wa kwetu Leta haimjui.»

Wapendwa, neno hilo liliniuma kwa sababu ya jambo ambalo lazima niwaambie. Mimi nilizaliwa kambini Lugufu mwaka 2001. Tulirudi 2007, tukapanda meli Kigoma, tukashuka hapa Baraka, niko na miaka 6. Nilipomaliza sekondari na kutaka kuingia chuo kikuu, waliniomba cheti cha kuzaliwa na sikuwa nacho. Tulikwenda tribinali, tukapata hukumu, na kwa hiyo hukumu etasivili wakaandika cheti changu. Wazazi waliuza mbuzi wawili. Kumbe njia yote niliijua! Nilijua biro ni ipi, nilijua karatasi gani zinaombwa, nilijua mpaka siku wanazopokea watu. Na sikuuliza hata mara moja: mdogo wangu je? Nilipopata yangu, nilifunga kitabu.

Na yeye hakuzaliwa kambini. Alizaliwa hapa hapa, 2011, miaka minne baada ya sisi kurudi. Hatuwezi kusema ni ukimbizi.

Baada ya hapo niliacha hotuba za jioni. Nilichukua kaye, nikaomba vijana wanne twende pamoja, tukaingia nyumba za wanachama, nyumba kwa nyumba. Tuliuliza swali moja tu: watoto wako na vyeti? Karibu kila mahali mama alijibu ndiyo, akaenda ndani, akarudi na karti ya chanjo. Au akarudi na karatasi ya materinite. Hapo njo nilielewa. Watu si wazembe. Watu wanaamini tayari wanacho.

Basi niruhusuni niseme mambo matatu polepole, na kila mtu akifika nyumbani ayarudilie.

La kwanza. Karatasi ya materinite inasema tu kwamba mtoto amezaliwa pale. Cheti ni kile kinachoandikwa na biro ya etasivili, ndani ya kitabu cha Leta. Ile ya kwanza inakusaidia kupata hii ya pili. Ukibaki na ya kwanza peke yake, uko katikati ya njia.

La pili. Sheria ya jamaa, vile ilivyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 tangu mtoto kuzaliwa, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Siku 90, miezi mitatu. Zikipita, unapaswa kwenda tribinali kutafuta hukumu kwanza, na hapo njo safari, fotokopi na gharama zinaanza. Jambo lililokuwa bure linageuka bei ya mbuzi.

La tatu, na hili ni la wamama hasa. Tulikuta wengi wanaosema: «Baba yake yuko kwenye dhahabu Misisi, namngoja arudi ndipo twende.» Wamama wangu, baba akiwepo ni vizuri, lakini na mama pia anaruhusiwa kwenda kutangaza mtoto wake. Usimngoje. Dhahabu haina tarehe, siku 90 ziko nayo.

Mtu mmoja, mzee ninayemheshimu, aliniuliza: «Binti, tunalala njaa, wewe unatuletea habari ya karatasi?» Ni swali la haki. Nilikosa jibu siku ile. Nimelitafuta vakansi nzima, na leo nitajaribu.

Sisi tuliorudi tunajua maana ya kutojulikana. Tulipofika hapa, watoto wenzetu shuleni walituita Watanzania kwa sababu ya Kiswahili chetu. Kifaransa tulikuwa hatukijui vizuri. Wengine walikuta shamba la babu linalimwa na mtu mwingine, na walipofika mbele ya wazee waliulizwa: ninyi ni nani, nani anawajua? Wazazi wetu walijibu kwa majina ya mababu, na kulikuwa bado wazee wa kuthibitisha. Hao wazee wanapungua kila mwaka, tunawazika. Siku mdogo wangu ataulizwa swali hilo hilo, mbele ya shamba ao mbele ya shule ao mbele ya askari barabarani, nani atamjibia? Njaa ni ya leo na lazima tuipiganie leo. Lakini mtoto asiye na karatasi, hata njaa yake hatutaweza kuisemea kesho.

Tena kuna hatari kwa watoto wenyewe. Msichana asiye na tarehe ya kuzaliwa, mtu akitaka kumwoa mapema, utaonyesha nini kwamba yuko na miaka 15? Mvulana akisimamishwa na watu wenye bunduki, utaonyesha nini kwamba bado mtoto? Hayo maneno makubwa ya fulana yangu, haki za wasichana na amani, nimeyakuta yote ndani ya ule mfuko wa plastiki wa mama.

Sasa ombi langu. Chama kiko na sanduku la kusaidiana: msiba, ugonjwa, kuzaa. Mtoto akizaliwa tunampa mama sabuni na kitenge, ni desturi nzuri na isiondolewe. Naomba tuongeze kitu kimoja. Siku tunapopeleka sabuni, tumuulize mama ametangaza mtoto ao bado, na kijana mmoja wa chama amsindikize kwenye biro kabla ya siku 90. Hiyo haiombi pesa nyingi, inaomba miguu. Kwa watoto wakubwa waliochelewa, naomba kila mwezi sehemu ndogo ya sanduku iwekwe pembeni, twende tribinali kwa kikundi, jamaa kumi pamoja, kuliko kila mtu kuuza mbuzi wake peke yake.

Kwa ninyi wafadhili wetu: aksanti kwa yote. Nawaambia kwa heshima, fulana tuko nazo za kutosha. Mkitaka kutusaidia msimu huu, tusaidieni fotokopi, usafiri wa mashahidi, na gharama za tribinali. Havionekani vizuri kwenye picha, najua. Lakini mtoto anabaki navyo maisha yote.

Mdogo wangu, faili yake tumeiweka tribinali. Baba ametuma jina la shahidi mmoja, bado mmoja. Kila jioni ananiuliza: «Yaya, imetoka?» Namwambia bado. Mashindano mengine ni mwaka ujao, na viatu vitakuwa vimemtosha.

Siku ya kwanza ya juma narudi Bukavu. Kaye ninaiacha mkononi mwa wale vijana wanne, wako wamekaa pale nyuma. Simameni kidogo wawaone. Hao njo watakaokuja kugonga kwenu. Wakija, msiwape kiti kwanza. Wapeni ule mfuko.