Asparagasi Yataka Subira

Wenye bustani za mboga wa Kitale na Bungoma,

Leo nawaeleza habari za asparagasi, mboga iliwayo machipukizi yake machanga. Haifanani na sukuma wiki, ambayo huchumwa baada ya majuma machache. Tuta lake likitunzwa vema huzaa miaka 10 au zaidi. Basi lichagulieni mahali pembeni mwa bustani, pasipotakiwa kwa mahindi, wala pasipotuama maji, kwa maana maji huozesha mizizi.

Kabla ya mvua za Machi na Aprili, chimbeni mtaro wa kina cha inchi 8, mtie samadi iliyooza. Mvua ikianza, pandeni miche ya mwaka mmoja, kila mmoja futi moja na nusu kutoka kwa mwenzake. Tandazeni mizizi, mwifukie kidogo. Mimea ikirefuka, ongezeni udongo mpaka mtaro ujae.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mwaka wa kwanza machipukizi hutokeza, na macho huyatamani. Msiyakate! Yaacheni yawe majani, kwani majani ndiyo yalishayo mizizi. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu kateni kwa majuma machache tu, kisha mwache mimea ipate nguvu.

Bungoma kuna joto kuliko Kitale, na penye joto machipukizi hufunguka upesi yakawa magumu. Huko kagueni tuta kila asubuhi.

Anzeni na miche 10 tu. Atakayeiacha miaka miwili atakula miaka mingi. Atakayeikata mapema atapoteza miche na ardhi pia.