Redio Nyumbani na Garini

Wasikilizaji wapendwa wa Masisi na wa Walikale, ninyi mliobatizwa karibuni, na ninyi wakatekumeni mnaojitayarisha, katika masomo yaliyotangulia tulisema juu ya sala ya asubuhi na ya jioni. Leo twataka kusema juu ya chombo hiki chenyewe kinachowaletea sauti yangu. Labda mmoja wenu atauliza: Je, redio nayo ni jambo la katekismu? Naam, ni jambo la katekismu, kwani imani huingia kwa mlango wa sikio. Mtume Paulo, katika sura ya kumi ya barua yake kwa Warumi, aonyesha wazi kwamba mtu asiyeletewa habari za Kristu na mhubiri hana njia ya kumwamini. Na mlango unaompokea mgeni mwema waweza kumpokea mwizi pia.

Kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Vituo vya FM hutuma sauti kwa mawimbi yaendayo moja kwa moja kama mwanga wa taa. Kilima kikisimama katikati, sauti hukatika. Ndiyo sababu mtu aliye mgongoni mwa mlima husikia kituo cha Goma vizuri, na ndugu yake aliye bondeni, mwendo wa nusu saa tu, husikia mvumo. Masafa mafupi ni namna nyingine: mawimbi yake hupanda mpaka tabaka za juu za anga, hurudishwa chini mbali sana, nayo hupita milima na misitu, hasa giza likiisha kuingia, lakini sauti hufifia na kurudi kama mtu asemaye katikati ya upepo.

Namna ya tatu ni redio ya setilaiti, nayo ina habari yake katika bara letu. Mtu mmoja mzaliwa wa Ethiopia, jina lake Noah Samara, alianzisha mwaka 1990 kampuni iliyoitwa WorldSpace, akitaka kuwafikia watu wasiofikiwa na redio za kawaida. Tarehe 28 Oktoba mwaka 1998 roketi iliruka kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikapeleka angani setilaiti iliyoitwa AfriStar. Ilikaa juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini. Huko juu setilaiti huzunguka kwa mwendo ulio sawa na wa dunia, hata yaonekana kama imesimama mahali pamoja. Kwa nchi hii yetu, iliyo karibu na ikweta, ilikuwa karibu na utosi, imeinamia magharibi kidogo.

Redio yake ilikuwa ndogo, ya kuchukulika mkononi. Haikuhitaji mlingoti mrefu. Mtu alielekeza juu antena yake bapa, naye akasikia sauti safi, isiyo na mvumo. Sharti lilikuwa moja: pasiwe na kizuizi kati ya antena na mbingu. Chini ya mabati haikusema neno. Katika nchi za mbali na ikweta iliwezekana kuiweka dirishani, lakini huku kwetu dirisha halifai kwa kitu kilicho utosini. Antena yapasa kukaa nje, na waya uingie ndani. Garini ni vivyo hivyo: bati la gari lenyewe lazuia, kwa hiyo antena ilipaswa kuwekwa juu ya paa; na tena, gari likipita chini ya miti iliyofumana, kama ile ya msitu wa Walikale, sauti hukatika katikati ya neno, na kurudi penye uwazi.

Redio zile zilikuwa ghali, na baadaye vituo vingi vikawa vya kulipia. Mwezi wa Oktoba mwaka 2008 kampuni ile ilishindwa na madeni, ikaiomba mahakama ya Marekani iikinge na wadai wake, na katika miaka iliyofuata matangazo yake yakakoma. Mwenye kuwasha leo redio ya namna hiyo ataona taa inawaka, ataelekeza antena mbinguni kama zamani, wala hakuna neno litakaloshuka. Chombo ni kizima. Aliyenyamaza ni mtumaji.

Nawaelezeni haya kwa sababu nasikia mara nyingi wakristu wapya wakilalamika: Nilisali, Mungu akanyamaza. Ndugu, Mungu hafilisiki. Yeye haombi mahakama imkinge, wala hatudai malipo ya mwezi. Katika sala, kabla ya kusema kwamba Mtumaji amenyamaza, mtu na atoke kwanza chini ya bati lake: kinyongo alichokiweka miaka mitatu, deni asilotaka kulipa, mke wa pili aliyefichwa kijiji cha pili.

Basi, siku hizi wengi wetu tunasikiliza kwa redio ndogo za FM, au kwa simu, na betri zachajiwa kwa jua. Kanisa haliogopi vyombo hivi. Papa Pio wa 11 alifungua Radio Vatikano tarehe 12 Februari mwaka 1931, naye aliyeijenga alikuwa Guglielmo Marconi mwenyewe, bingwa wa redio. Mwaka 1951 Papa Pio wa 12 alimweka Malaika mkuu Gabrieli kuwa msimamizi wa redio na simu, naye alichagua vizuri: Gabrieli alichukua habari kubwa kuliko zote, akaisema kwa maneno machache, akangoja jibu. Kisha mababa wa Mtaguso wa Vatikano wa Pili walitoa hati juu ya vyombo hivi, tarehe 4 Desemba mwaka 1963, wakitufundisha kwamba msikilizaji pia ana wajibu wake mbele ya Mungu, wala si mtangazaji peke yake.

Wajibu huo waanza nyumbani. Redio ni ya nani katika nyumba? Nimezunguka vijiji vingi, na mara nyingi nimeikuta redio imefungwa shingoni mwa baba, yaenda naye shambani, kisha kwenye pombe, nayo yarudi usiku betri zimekwisha. Mama na watoto hawakusikia somo la dini, wala habari ya chanjo, wala onyo la barabara iliyokatika. Wababa, redio iliyonunuliwa kwa maharagwe yaliyolimwa na mama ni redio ya nyumba. Iwekeni mahali ambapo wote wasikia, mbali na moshi wa jiko na mbali na maji yanayodondoka. Ikiwa haitatumika siku nyingi, toeni betri, kwani betri zilizochoka huvuja na kula chuma cha ndani. Betri zilizokufa msiwape watoto kuchezea, wala msizitupe mtoni. Na saa ya Rozari ya nyumba ikifika, redio na izimwe. Isipokuwa redio yenyewe yasalisha Rozari, na ninyi mwaitikia kwa sauti. Kusikia wengine wanasali huku wewe wachambua mboga na kumgombeza mtoto, hiyo si sala bado.

Wahenga walisema, sikio halilali na njaa. Lisipolishwa neno jema litakula lolote. Sisi tunaokaa mpakani hatuwezi kusahau redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza kutangaza nchini Rwanda mwezi wa Julai mwaka 1993. Ilipiga muziki mzuri, ilifanya mzaha, vijana waliipenda. Ndani ya muziki ule ilifundisha watu kuwaita jirani zao mende, na mwaka 1994 ilisaidia mauaji yale yaliyoangamiza watu mamia ya maelfu. Tarehe 3 Desemba mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili, pamoja na mwenye gazeti mmoja. Nasi huku tulikuwa na maumivu yetu wenyewe: mwaka 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, huko Walikale, na mauaji yakaenea mpaka Masisi.

Kwa hiyo mkristu apime anachosikia. Ikiwa sauti, iwe ya redio, iwe ya ujumbe uliosambazwa katika simu, yamwambia kwamba watu wa kabila fulani si watu, azime mara moja. Asiseme, nasikiliza tu nijue wanasema nini. Hawa mama yetu naye alisikiliza tu. Na ikiwa ni habari ya vita, asiipeleke sokoni kabla ya kuihakikisha kwa wengine. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari mwaka 2002, husema Kiswahili, Kilingala, Kifaransa na lugha nyingine za nchi. Ziko na redio nyingine zinazochunguza kabla ya kusema. Uvumi mmoja waweza kuwatoa watu wa kijiji kizima usiku katika mvua, wazee na wenye mimba. Wakati wa kukimbia nimeona mtu akichukua mtoto, sufuria, na redio. Simlaumu. Lakini yule aliyepiga kelele ya uongo iliyomkimbiza atajibu kwa Mungu.

Juu ya gari nitasema machache. Dereva wa barabara ya Sake kwenda Masisi anajua matope na makorongo yake; mkono unaotafuta kituo cha redio si mkono unaoshika usukani. Kazi hiyo amwachie aliye karibu naye. Tena, abiria hawawezi kutoka. Aliye nyumbani akichukizwa na redio ya jirani hutoka nje, lakini aliyebanwa katikati ya magunia atakwenda wapi? Basi dereva mkristu asiwapigie abiria nyimbo chafu kwa sauti kubwa, wala asimlazimishe Mprotestanti au Mwislamu kusikiliza mahubiri yetu siku nzima. Awaombe ruhusa kwanza. Mara nyingi watakubali, hata wataongezea maswali yao.

Sasa nafika kwa jambo ambalo mmeniuliza zaidi ya yote. Katika mashirika mengi Padri hufika mara chache kwa mwaka, kwa kuwa njia ni ndefu au imefungwa. Wakristu wengine wamesema: Dominika tunasikiliza Misa katika redio, basi tumetimiza amri. Na mmoja aliuliza: Bwana Yezu alimponya mtumishi wa yule akida wa Kirumi bila kufika nyumbani kwake, kwa neno tu. Mbona Padri asiniondolee dhambi kwa redio, au kwa simu?

Swali hili ni zuri, wala halitoki kwa mvivu. Nguvu ya Bwana haifungwi na umbali, tunakiri hivyo. Lakini Bwana yule yule, alipotaka kutuachia sakramenti, hakutuachia sauti peke yake. Alichagua maji yanayogusa kichwa, mafuta yanayopakwa, mkono unaowekwa, mkate unaoliwa. Neno laweza kurushwa kwa mawimbi. Maji ya ubatizo hayarushwi. Mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili alikuwa amesikia habari za Yezu, na kusikia kule kulimtoa nyumbani. Akapenya katikati ya watu mpaka akagusa vazi lake. Ndiyo kazi ya redio: kukutoa nyumbani. Baraza la Papa la vyombo vya upashanaji habari lilieleza mwaka 2002, lilipoandika juu ya intaneti, kwamba sakramenti hazipatikani humo. Na kwa redio ni vivyo hivyo. Ungamo hufanyika mbele ya Padri. Ndoa hufungwa mbele ya Kanisa, si mbele ya kipaza sauti. Lakini iko baraka ipitayo kwa redio: Papa anapobariki mji na dunia, siku ya Noeli na ya Pasaka, anayeifuata kwa ibada katika redio aweza kupata rehema kamili, akitimiza masharti ya kawaida: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Papa, na moyo uliojitenga na kila dhambi.

Na Dominika je? Mgonjwa, mzee asiyeweza kutembea, mama aliyejifungua juzi, hao hawana dhambi wakibaki nyumbani, na Misa ya redio ni faraja kubwa kwao. Mzima wa miguu, ambaye Misa iko karibu na njia ni salama, hatimizi amri kwa kukaa na redio. Lakini pasipo Padri, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, yaelekeza vizuri: watu washiriki ibada ya Neno kanisani au mahali patakatifu, au wasali kwa muda wa kutosha kila mtu peke yake, au jamaa nzima, au jamaa kadhaa pamoja. Sheria haisemi kwamba mahali pasipo Padri Dominika imefutwa.

Kwa hiyo, Dominika hii, mahali ambapo Padri hakufika, chuma cha gurudumu kikipigwa, zimeni redio mwende kapelani. Katekista atasoma masomo, mtasali Baba Yetu, mtawaombea wafu wa juma na wale waliokimbia. Ikiwa jirani ana homa, mmoja aache redio yake kitandani kwa mgonjwa kabla ya kutoka, nayo iwe imekwisha kuwekwa kwenye kituo. Na baada ya ibada, wawili au watatu wapite kwake, wamwambie yaliyosomwa, wakateke maji, wampikie uji.

Somo lijalo litakuwa juu ya Kitubio, na namna ya kuchunguza dhamiri kwa mtu anayemngoja Padri miezi mingi. Tumsifu Yezu Kristu.