Kifuniko cha Kioo na Jua Letu

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Kiwanjani, Isiolo)



Leo tuongee juu ya kioo. Si kile cha kujitazamia, hapana, ni kile cha dirisha. Hapa kwetu kuni ziko mbali na makaa ni ya kununua, lakini jua tunalo bure. Kazi ni kulifungia ndani lisitutoroke.

Mwanga wa jua hupita kwenye kioo, ukifika kwa kitu cheusi unageuka kuwa joto. Joto hilo kioo hakiliachi litoke upesi, na upepo nao hauingii. Mnajua gari lililofungwa vioo likikaa juani linavyokuwa, si ndiyo? Mwaka wa 1767 Mswisi mmoja, Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku la vioo likapata joto kupita la maji yanayochemka. Kule Kakuma, kuanzia 1995, wakimbizi walifundishwa kupika kwa jua wakitumia mfuko wa plastiki badala ya kioo. Plastiki huchakaa upesi, lakini kioo kikitunzwa hukaa miaka.

Kutengeneza sanduku

1. Tia katoni moja ndani ya nyingine, ukiacha nafasi ya vidole vinne kila upande na chini. Jaza nyasi kavu au magazeti.
2. Ndani bandika karatasi ya aluminiamu, ile ya kung'aa.
3. Chini weka bati lililopakwa rangi nyeusi, likaushwe juani mpaka harufu iishe.
4. Funika kwa kioo kisichoacha ufa. Fundi wa madirisha atakikata na kusugua makali yake.

Sisi tuko karibu na ikweta. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi, basi sanduku lilaze tu chini. Sufuria iwe nyeusi na ifunikwe. Wali na mboga huiva bila kukoroga. Maharagwe yachemke kwanza motoni dakika kumi, kisha yamalizie sandukuni. Na usifunguefungue! Kila ukiinua kioo, joto linatoka. Kioo ni cha kuchungulia.

Maziwa

Maziwa ya ngamia kutoka Isiolo hufika mpaka Eastleigh, Nairobi. Lakini maziwa mabichi huweza kuleta brusela: homa ya kwenda na kurudi na maumivu ya viungo, watu wakidhani ni malaria. Kumbe maziwa si lazima yachemke. Joto la digrii 63 kwa nusu saa linaua vijidudu hivyo.

Bila kipimajoto utajuaje? Nta ya nyuki huyeyuka karibu na joto hilohilo. Weka kipande katika chupa ndogo safi ya kioo, ifunge kabisa, izamishe mpaka chini ya sufuria. Baada ya saa tatu za jua kali, itazame. Nta ikiwa imeyeyuka yote, rudisha, funika, ngoja saa moja zaidi. Kama haijayeyuka, au mawingu yamekuja, peleka maziwa motoni mara moja. Maziwa ya vuguvugu huharibika haraka. Basi jiko la makaa usilitupe; jioni na siku ya mawingu utalihitaji.

Kutunza kioo

Pangusa vumbi kila asubuhi, maana vumbi linazuia mwanga. Usimwagie maji baridi kioo cha moto, kitapasuka. Tumia kitambaa kukishika, na watoto wakae mbali.

Mjadiliane kikundini

- Kila nyumba hutumia pesa ngapi kwa makaa kwa wiki?
- Kikundi kikichanga, kinaweza kununua vioo vingapi?
- Nani kwetu bado anakunywa maziwa mabichi, na tutaongea naye vipi?