Kisomo cha Simu
(Maneno ya mwalimu kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika)



Nimepewa nafasi nieleze yale mafunzo tunayosoma sisi walimu kwenye simu. Wengine mnatuona jioni chini ya mwembe pale shuleni, macho yote kwenye kioo, mnasema walimu wamekuwa watu wa kuchati. Basi leo msikie kazi yenyewe.

Inaitwa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka masomo mtandaoni. Mwalimu anafungua kwa jina lake na neno lake la siri, anasoma, anajibu maswali, anasonga mbele. Halafu tunakutana shuleni, tunajadili tulichosoma. Zamani semina ilikuwa mjini, anakwenda mmoja, akirudi anatusimulia alichokumbuka. Sasa somo linatufikia wote, na tunalihitaji, maana mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu.

Kujifunza kwa mbali si jambo geni, ndugu zangu. Wazee wanaikumbuka Mtu ni Afya ya mwaka 1973: watu wamezunguka redio, wanasikiliza, wanajadili, kisha wanatoka wanachimba vyoo. Na baada ya Azimio la Musoma la 1974, walimu wa UPE walijifunza ualimu wakiwa vijijini, kwa posta na redio, huku wanafundisha. Baadhi yenu mmesomeshwa nao.

Tofauti ni hii. Redio ilisema, ukasikia, basi. Simu inasema, na wewe unaijibu, na mtu usiyemjua naye anaweza kukuandikia. Kwa hiyo kikubwa nilichojifunza si kubonyeza. Vidole vinazoea kwa wiki moja. Nimejifunza kuuliza: hili kaandika nani, lini, na anataka nini kwangu?

Babu zetu Wanyamwezi waliopita njia ya misafara, Bagamoyo mpaka huku Unyanyembe na kuendelea Ujiji, swali hilo walilijua. Habari ilikuwa na miguu. Mwaka 1872 Livingstone alikaa hapo Kwihara karibu miezi mitano akingoja watu aliotumiwa kutoka pwani. Ilichelewa, sawa, lakini aliyeileta ulimwona uso, ukampa maji, ukamuuliza umetoka wapi na nani kakutuma. Ujumbe wa simu unafika kabla hujameza tonge, ila hauna uso.

Ndiyo maana nasema kisomo hiki si cha walimu peke yetu. Nani hapa hajawahi kuandikiwa "ile hela tuma kwenye namba hii"? (Kicheko.) Mnacheka, lakini malipo ya tumbaku yakiingia, mtu ana deni la pembejeo, kweli kuna hela anatakiwa kuituma mahali, ujumbe ule unamkuta katikati ya shughuli, anatuma. Jasho la msimu mzima, tangu kitalu mpaka bani, linakwenda kwa dakika moja. Au anapiga mtu mwenye sauti nzuri, anasema yeye ni wa benki, anaomba namba ya siri. Benki haikuulizi namba ya siri. Anayeiuliza ni mwizi, hata akikutaja kwa majina yako matatu.

Jambo lingine linanisumbua zaidi. Mzee hasomi vizuri, anampa mtoto simu: nisomee, nitolee hela. Mtoto ana miaka kumi na namba ya siri ya baba anaijua, na shuleni watoto husimuliana. Mama mwenye nyumba, aliyechambua majani yale usiku, haijui. Hili mlizungumze majumbani.

Shida zipo. Bando linamalizika somo likiwa katikati. Mtandao kwetu unakamata vizuri pale kwenye kichuguu tu. Kioo kidogo kinachosha macho. Peke yangu nisingefika mbali. Tumechanga bando, tumesoma wawili wawili. Yule mwalimu wetu mtu mzima anayekaribia kustaafu alitufundisha vijana namna ya kueleza sehemu katika hesabu, sisi tukamwonyesha pa kubonyeza.

Ombi letu kwa kamati: ofisi ya ushirika ina sola, na Jumamosi jioni imefungwa. Tupeni saa mbili, kuanzia saa kumi, kila Jumamosi mpaka malipo yaanze. Kila mwanachama aje na simu yake, hata kiswaswadu. Mama waje na zao, wasiwakilishwe. Namba ya siri asiitaje mtu, hata kwangu mimi mwalimu.



(Kamati itajibu ombi hili Jumatano. Wanaotaka kusoma waandike majina chini ya karatasi hii. Asiyeandika amwone Katibu. — Mhariri)