Nafasi Mezani pa Mfalme

Somo: 2 Samweli 9:1–13

Asubuhi hii tutafakari pamoja habari za watoto wenye ulemavu na haki yao ya kusoma shuleni.

Katika somo letu twakutana na Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alilemaa miguu yote miwili akiwa na miaka mitano, alipoanguka wakati yaya wake akikimbia naye kuepuka hatari. Akakulia mafichoni, akakaa Lo-debari katika nyumba ya mtu mwingine. Mfalme Daudi alipomwita alijiita mbwa mfu, kwa jinsi alivyozoea kudharauliwa. Lakini Daudi alikuwa amemwapia Yonathani kwamba atautendea wema uzao wake. Kwa kiapo hicho Mefiboshethi alirudishiwa shamba la babu yake, akala mezani pa mfalme siku zote. Huruma yaweza kuwapo leo na kesho isiwepo. Kiapo humfunga aliyeapa.

Nchi yetu ya Kenya nayo imesafiri kutoka huruma mpaka kiapo. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianza shule ya wasioona kule Thika. Baadaye makanisa yakasaidia kuanzisha shule za viziwi na za watoto wenye ulemavu wa viungo. Twamshukuru Mungu kwa kazi ile. Lakini shule zilikuwa chache, na aliyekosa nafasi alirudi nyumbani akakaa. Wazazi wake hawakuwa na mahali pa kushtaki, maana nafasi ile ilikuwa hisani tu.

Baada ya Uhuru, Tume ya Elimu ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Simeon Ominde, ilishauri kwamba watoto wenye ulemavu mdogo wasome pamoja na wenzao katika shule za kawaida. Mwaka 1984 serikali ilianzisha vituo vya kupima watoto, ijulikane kila mmoja anahitaji msaada gani. Mwaka 1986 ikaanzishwa KISE, taasisi ya kufundisha walimu wa elimu maalum. Hayo yote yalikuwa mema, ila ushauri si amri.

Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ilikataza shule kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu peke yake. Hata hivyo iliacha mwanya, kwani iliongeza sharti kwamba awe na uwezo wa kufuata masomo yale. Na nani angepima uwezo huo? Mara nyingi ni yule yule aliyesimama mlangoni. Ndipo ikaja Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 54 chasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, asiitwe kwa majina ya kumdharau, na apate kuingia katika taasisi za elimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza kumbagua mtoto yeyote anayeomba nafasi shuleni, na ulemavu umetajwa humo. Mwaka 2025 sheria mpya ya watu wenye ulemavu ikachukua mahali pa ile ya 2003.

Basi kiapo kimeandikwa. Lakini turudi kwa Daudi. Hakutosheka na kusema. Alituma watu waende Lo-debari kumleta Mefiboshethi. Kisha akamwamuru Siba, mwenye wana kumi na watano na watumishi ishirini, amlimie shamba lake. Kiapo bila mikono ya kukitimiza kingemwacha pale pale alipokuwa.

Ndugu zangu, mikono hiyo ni yetu. Shule nyingi katika nchi hii zinadhaminiwa na makanisa, na wengi wetu tumeketi katika halmashauri zake. Mzazi akija na mtoto asiyesikia, akaambiwa ampeleke kwa wenzake, sisi twanyamaza? Tukichanga fedha za darasa jipya, je, kiti cha magurudumu kitapita mlangoni, na chooni je? Nanyi wazazi mnaomfungia mtoto ndani wageni wajapo, msione haya. Mtoto huyo si adhabu wala laana. Mpelekeni akapimwe, mwombeeni nafasi shuleni, na mkikataliwa msirudi nyumbani kimya. Njooni kwa mchungaji wenu, twende pamoja.

Juma hili, kila mmoja wetu na ajiulize: katika kijiji chetu, ni nani aliye bado Lo-debari? Tukishamjua, twende tukamlete.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetuketisha mezani pako tusiostahili, utupe macho ya kuwaona watoto waliofichwa, na ujasiri wa kuwafungulia mlango. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.